Chatu wa Futi Kumi na Sita

Jumanne ya kwanza ya Novemba, saa nne kasorobo asubuhi, Ozella Pruitt alikuwa anaanua mashuka meupe nyuma ya nyumba yake, mtaa wa Saba, mjini Ardis, Florida. Alikuwa ameyaanika saa tatu. Upepo ulikuwa umegeuka na sasa ulitoka mashariki, na upepo ukitoka mashariki kampuni ya sukari huchoma miwa, majani yaishe na mashine ikate mua mtupu. Upepo ukielekea mashariki, kwenye miji ya pwani yenye viwanja vya gofu, kuchoma ni marufuku. Ukielekea Ardis, ruhusa. Sheria hiyo imebandikwa ukutani posta, karibu na dirisha la stempu, na imewekewa kioo isichafuke.

Moto ulikuwa kwenye shamba la pili kutoka mfereji. Vijana wa mji walikuwa wamejipanga ukingoni kama kawaida yao, wakingoja sungura. Sungura hutoka motoni mbio, na mtu wa Ardis humkamata kwa mikono, akimfukuza kwa miguu. Vijana sita wa mji huo wamekwenda kucheza mpira wa kulipwa kwa mbio walizojifunzia hapo, na hakuna mwanamke wa Ardis asiyeweza kuwataja kwa majina yao na ya mama zao.

Siku hiyo walitoka sungura kumi na tisa, na nyuma yao akatoka chatu. Alikuwa na urefu wa futi kumi, ngozi yake rangi ya asali yenye mabaka ya kahawa. Hakuwa na haraka. Vijana walimpisha, mmoja akavua kofia. Chatu aliuvuka mfereji akiogelea, akapita chini ya ua wa Ozella, akapanda ngazi tatu za baraza, akajikunja pembeni mwa kiti cha bembea, akatulia.

Ozella alimaliza kwanza kukunja mashuka. Kisha akaenda kwenye ua wa jirani yake, Dieuseul Philistin, mzaliwa wa Haiti, aliyechomelea vyuma kiwandani kwa miaka ishirini na minane hadi kifua kilipomstaafisha.

"Dieuseul! Una kazi?"

"Ninayo. Nakohoa. Kwani kuna nini?"

"Njoo uone kitu barazani kwangu. Na usije na panga."

"Wewe ukishasema nisije na panga, ndiyo nakuja nalo."

Alikuja nalo. Alimtazama chatu kwa muda, akaliegemeza panga ukutani.

"Huyu ni wa mtu," alisema. "Alinunuliwa dukani akiwa mdogo kama mkanda wa suruali. Akakua, wenyewe wakaogopa, wakaja kumtupa kwenye miwa. Watu wa pwani hao. Kila wasichokitaka wanatuletea sisi."

"Anaonekana amezoea baraza."

"Kwa hiyo unataka kumfuga?"

"Nimesema hivyo mimi? Nimesema anaonekana amezoea baraza."

Ozella alikuwa mtu wa kutazama kabla ya kusema. Alikuwa mjane kwa mwaka wa kumi na moja. Marehemu mumewe, Roscoe, alikuwa mwasha moto wa kampuni: miaka ishirini na sita alitembea pembezoni mwa mashamba na kopo la mafuta lenye utambi, akiwasha. Alikufa kwa kifua. Kampuni ilileta shada la maua na mfuko wa sukari, na Ozella alilipokea shada, mfuko akaurudisha. Kanisani alikuwa mmoja wa wamama wanaovaa nyeupe kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, na hakuwahi kuonekana na doa la majivu, jambo ambalo Ardis si dogo.

Alikuwa akimlea mjukuu wake, Keziah, mwenye miaka tisa. Mama wa mtoto aliendesha lori na kurudi mara mbili kwa mwezi. Keziah alikohoa tangu hajajua kutembea. Miezi ya kuchoma, Oktoba hadi Aprili, alilala akiwa ameketi, mito mitatu mgongoni. Shuleni kwake muuguzi alikuwa na kabati la pampu za pumu, kila pampu imebandikwa jina la mtoto, na kabati lilikuwa limejaa.

Saa tisa alasiri Keziah alirudi, akaweka mkoba, akaketi sakafuni na kumwegemea chatu, kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi.

"Bibi, huyu anaitwa nani?"

"Bado hatujafahamiana. Toka hapo."

Chatu aliinua pindi moja la mwili wake na kuliweka juu ya kifua cha mtoto, taratibu, kama mtu anayemfunika mwenzake shuka. Ozella alichukua fagio. Kabla hajafika, Keziah alishusha pumzi ndefu, na mwisho wa pumzi hiyo hapakuwa na kikohozi. Chatu aliinua kichwa, akafungua mdomo, akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha Keziah, na kile kifilimbi chake kidogo cha mwishoni, ambacho Ozella angekitambua katikati ya soko.

Ozella alirudisha fagio nyuma ya mlango, akaenda kutazama mkate wa mahindi kwenye oveni.

Kwa siku tatu alitazama tu. Mtoto alilala chali. Alikimbia hadi kwenye kona na kurudi, akisimulia jambo lile lile bila kukata neno. Chatu alikohoa barazani asubuhi na jioni. Ijumaa Ozella alichukua utepe wake wa kushonea akampima. Alikuwa ameongezeka inchi moja.

Jumamosi akawaita wamama wa mtaa wa Saba na watoto wao. Kufikia Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba, chatu alikuwa amechukua vikohozi vya watoto wote wa Ardis, sitini na wanne, na urefu wake ulikuwa futi kumi na tano na inchi nne. Watoto wakampa jina la Shemasi, kwa kuwa alikaa pale pale kwa saa nyingi macho wazi, asikubali wala asikatae. Wakimbiaji walimletea sungura. Ozella aliwachuna wawili wa kwake na wengine akamwachia.

Mke wa mchungaji, Lurene Battle, ndiye aliyelileta suala hilo mbele ya wamama wa kanisa, siku ya kupiga pasi vitambaa vya meza ya Bwana.

"Mimi nasema tu kile kila mtu anachokiwaza, Dada Ozella. Nyoka ndiye aliyetutoa bustanini."

"Yule alikuwa anazungumza," alisema Ozella. "Huyu anakohoa tu."

"Na wewe una uhakika katoka kwa Mungu?"

"Sina. Lakini mapacha wako wanaimba wimbo mzima siku hizi, tangu ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho. Nikajua hata wewe huna uhakika."

Lurene alipiga pasi kitambaa chake hadi mwisho. Wiki iliyofuata alikwenda mwenyewe barazani na kifua chake, na baada yake watu wazima wengine. Walikuwa mia moja na wanne. Januari, Shemasi alifika futi ishirini na nne. Alijaza baraza la mbele, akageuka kona na kujaza la pembeni, na Ozella alihamishia kiti cha bembea uani.

Yaliyohusu matumizi yake yalijulikana upesi. Shemasi akivuka daraja kwenda upande wa pili wa mfereji, kila kikohozi kilirudi kwa mwenyewe ndani ya saa hiyo. Akirudi, viliondoka tena. Jambo hilo lilitokea mara moja, mwezi wa Desemba, na tangu hapo daraja lilikuwa na mtu wa zamu. Na aliyekitaka kikohozi chake aliweka mkono kichwani pa Shemasi akakiomba, naye akapewa bila maswali. Mzee Cleotha Simms alikichukua chake kwa wiki nzima kwa sababu mbwa wake alikuwa hamtambui bila hicho. Alipomzoesha mbwa, akakirudisha.

Februari gari jeupe la kampuni lilikuja shuleni, kama kila mwaka, kupima vifua. Watoto walipuliza kwenye mrija mmoja mmoja. Mwaka uliotangulia, watoto arobaini na mmoja walikuwa wameshindwa kuisogeza sindano ya mashine mpaka kwenye alama ya kijani. Mwaka huu wote sitini na wanne waliipita, na Keziah aliifikisha ukingoni ikagonga. Muuguzi wa gari alibadilisha mashine. Mashine ya pili nayo ikagonga.

Barua ya kampuni ilisomwa kanisani Jumapili. Ilisema kampuni imefurahi kuona watoto wa Ardis wakiwa na vifua bora kuliko watoto wa pwani. Ilisema imedhihirika kwamba moshi wa miwa hauna madhara. Kwa hiyo shamba lililo nyuma ya shule, ambalo kwa miaka saba lilikuwa likikatwa bichi bila moto kwa kuwahurumia wanafunzi, sasa litachomwa kama mengine.

Mchungaji Battle alikunja barua. Nje, kutoka mtaa wa Saba, Shemasi alisikika akikohoa vikohozi mia moja na sitini na nane, kimoja baada ya kingine.

Jumatatu alikuja afisa wa wanyamapori wa jimbo, kijana wa pwani mwenye adabu, jina lake Renfroe. Alivua miwani ya jua kabla ya kubisha.

"Mama, samahani. Tumepigiwa simu kuhusu nyoka."

"Mmepigiwa na kampuni?"

"Hatuambiwi nani kapiga, mama."

"Sikukuuliza nani, baba. Nimekwambia nani."

Renfroe alimpima Shemasi, akageuka naye kwenye kona, akaandika. Kisha akaeleza sheria akiwa amesimama, ingawa alikuwa ameonyeshwa kiti. Chatu asiyezidi futi kumi na sita huweza kufugwa nyumbani kwa kibali, na atawekwa alama ndogo kama punje ya mchele chini ya ngozi. Anayezidi hapo ni mali ya jimbo. Jumamosi, kwenye uwanja wa maonyesho, jimbo litapokea wanyama ambao watu hawawezi tena kuwafuga. Mtu haulizwi chochote na anapewa kahawa.

"Na huyu mkimpokea?"

"Kwa ukubwa wake, mama, hakuna mahali pa kumpeleka."

"Nimekuuliza mtamfanya nini."

Renfroe alitazama kofia yake. "Hataumia."

Shemasi alikohoa kikohozi cha mchungaji. Renfroe alisema "Afya," kwa mazoea, akaenda zake.

Jumatano, baada ya maombi, watu walibaki kanisani. Mchungaji Battle alizungumza kutoka sakafuni, si mimbarini, ili ijulikane kwamba haya ni ya kwake. Jumanne iliyofuata tume ya wilaya ingesikiliza malalamiko ya Ardis kuhusu moto. Ardis ilikuwa imekiomba kikao hicho kwa miaka minne.

"Tume inataka kuona watoto wanaoumwa," alisema. "Hatunao. Lakini tukimwacha Shemasi aende Jumamosi, Jumanne tutakuwa nao sitini na wanne. Nasema nikijua ninachokisema. Wawili ni wangu."

Mama mmoja alimfunika mtoto wake masikio. Mzee Simms akauliza kama watoto watarudishiwa nafuu baada ya kikao, ingawa kila mtu alijua kwamba Shemasi hatakuwepo.

Ozella alisimama. Alisimama kama anavyosimama kutoa ushuhuda, mkono mmoja nyuma ya benchi la mbele.

"Mchungaji, mimi niliishia darasa la sita, nikapelekwa kufungasha maharagwe. Siwezi kubishana na tume. Lakini kifua cha Keziah si karatasi nikamwonyeshe mwenyekiti."

"Hakuna anayetaka hivyo, Dada Ozella."

"Umesema hivyo sasa hivi, na Mungu amekusikia, na hakukasirika maana anajua umechoka. Sasa nisikilize. Watu wazima hapa hatuna vifua? Vyetu vilikuwa vinakohoa kabla hawa hawajazaliwa. Shemasi kawa mrefu kwa ajili yetu sisi. Tukichukua vya kwetu, anarudi chini ya futi kumi na sita. Watoto wanabaki wazima, chatu anabaki barazani, na sisi tunakwenda kukohoa mbele ya tume kwa midomo yetu wenyewe."

"Na wakisema ni uzee?" aliuliza Lurene. "Wakisema ni sigara?"

"Waseme. Watasema wakiwa wametusikia."

"Kwa hiyo umeamua kumfuga," alisema Dieuseul kutoka benchi la nyuma.

"Ndiyo. Sasa ndiyo nimesema."

Alhamisi saa mbili asubuhi Ozella aliweka mkono kichwani pa Shemasi, akakiomba chake. Kilikuwa kikavu, cha mapigo mawili, na ndani yake mlikuwa na moshi wa mashati ya Roscoe, aliyoyafua kwa mkono kwa miaka ishirini na sita. Alikohoa mara moja na kukitambua. Shemasi akapungua inchi.

Walikuja wamevaa nguo za Jumapili, ingawa hakuna aliyewaambia. Wamama walivaa kofia zao, zile zenye manyoya na zile zenye wavu. Mchungaji alikuja na mkewe, kila mmoja akampa mwenzake nafasi ya kutangulia. Mzee Simms alikuja na mbwa. Waliokuwa wakifanya kazi kiwandani walikuja wakati wa chakula cha mchana, wakaweka mkono, wakakohoa, wakarudi kazini wakikohoa. Hakuna aliyelia. Ozella aligawa viazi vitamu vya kuoka, na kila aliyeshuka ngazi aliwapita watoto waliokuwa wakiruka kamba barabarani, akawatazama, akanyoosha mgongo.

Kuna waliokataa. Hawakusemwa. Mmoja alikuwa Dieuseul.

"Jana nimelala chali, Ozella," alisema juu ya ua. "Chali! Umewahi kuona dari ya chumba chako? Mimi yangu sikuwa naijua. Ina doa lenye umbo la kuku."

"Sijaja kukudai kitu."

"Najua. Ndicho kinachoniudhi. Ungekuja ukanitukana ningekuwa na la kujibu."

"Kula kiazi, Dieuseul."

Jumamosi saa tatu Renfroe alikuja na lori lenye sanduku refu. Watu walikuwa wamesimama barabarani pande zote mbili. Alipima mara moja, akapima tena. Hakuuliza futi nane zimekwenda wapi; fomu haikuwa na sehemu hiyo.

"Futi kumi na sita na inchi moja, mama."

"Pima tena."

"Nimepima mara mbili. Ningependa iwe vingine." Alikuwa anasema kweli, na ilionekana. "Sheria inasema asizidi kumi na sita."

Keziah alishuka kwenye ukingo wa baraza, akaja kusimama kando ya bibi yake na kumshika sketi, kitu ambacho hakuwa amekifanya kwa miaka mitatu. Ozella hakugeuka kumtazama yeyote. Alikuwa amesema hatamdai mtu kitu, na hakudai.

Mlango wa lori la Dieuseul, lililoegeshwa ng'ambo ya barabara, ulifunguka. Alikuwa ameketi humo tangu alfajiri, na sasa ikaonekana kwamba alikuwa amevaa tai.

"Pisha, kijana," alimwambia Renfroe. "Na wewe Ozella usinitazame hivyo. Sifanyi kwa ajili yako. Kuku wa darini nimeshamuona, hana jipya."

Aliweka mkono. Kikohozi kilimrudia kwa nguvu kiasi kwamba alishika nguzo ya baraza, na watu wawili wakapanda ngazi, akawakataza kwa kiganja. Alikohoa hadi kikatulia mahali pake pa zamani. Kisha akarekebisha tai.

"Sasa pima."

Renfroe alipima. "Kumi na sita kamili."

"Hajazidi," alisema Ozella.

"Hajazidi, mama."

Kibali kiliandikwa juu ya boneti la lori. Jina la mnyama: Shemasi. Jina la mwenye mnyama: Ozella Mae Pruitt. Sababu ya kumfuga: hapo Renfroe alisimamisha kalamu na kueleza kwamba wengi huandika "kujifurahisha." Ozella alimwambia aandike "watoto." Akaandika. Akaweka ile punje chini ya ngozi ya shingo, na Shemasi hakushtuka.

Jumanne basi la kanisa lilifanya safari tatu hadi ukumbi wa wilaya, ulioko pwani. Walikaa watu tisini na sita, kofia zote kichwani, kwenye viti vyenye mito ya buluu. Walikohoa. Hawakukohoa kwa kupangwa, wala hawakujizuia kama wanavyojizuia wageni katika nyumba ya watu. Mwenyekiti wa tume alilazimika kufungua kikao mara tatu. Kila mmoja aliitwa mbele, akataja jina lake, miaka yake ya kuishi Ardis na kazi yake, na mwandishi wa kikao, kwa kuwa sheria inamtaka aandike kila kinachosikika, aliandika "kikohozi" mara elfu moja mia mbili na kumi. Ozella alisema ameishi Ardis miaka sitini na mitatu, kwamba amewahi kufungasha maharagwe, na kwamba ni mjane wa mwasha moto. Alikohoa mapigo yake mawili. Alipoulizwa kama ana la kuongeza, alisema hapana, amemaliza, Mungu awabariki.

Uamuzi ulisomwa saa tisa. Tume iliwashukuru wananchi wa Ardis kwa kufika kwa wingi na kwa mavazi yao. Ilisema vifua vya watu wazima huharibiwa na mambo mengi, kama vile umri, sigara na kazi walizozichagua wenyewe. Kipimo cha madhara kwa mujibu wa kanuni ni watoto, na watoto wa Ardis wamepimwa kwa mashine mbili wakaonekana wazima. Uchomaji utaendelea. Upepo utazingatiwa kama unavyozingatiwa sasa.

Walisimama, wakasukuma viti mahali pake, wakatoka. Nje, wakingoja basi, Lurene Battle alimshika Ozella mkono.

"Wametusikia," alisema Lurene.

"Wametusikia vizuri sana," alisema Ozella.

Wiki hiyo shamba la nyuma ya shule lilichomwa. Watoto walitazama kutoka madirishani, na walipotoka kwenda nyumbani walikimbia katika majivu vinywa wazi, wakipiga kelele, na hakuna aliyesimama njiani kushika magoti.

Watu wazima wa Ardis hawakumrudishia Shemasi vikohozi vyao. Sababu ilikuwa futi kumi na sita. Mwezi wa Aprili alizaliwa mtoto mtaa wa Tatu, na alipofikisha miezi minne kifua kikaanza. Bwana mmoja miongoni mwa wale waliokuwa wamekataa alikuja barazani bila kuitwa, akachukua chake, akampisha mtoto. Ikawa hivyo kwa kila aliyezaliwa, mpaka wale waliokataa wakaisha.

Baada yao ikaja zamu ya waliofikisha miaka kumi na minane. Hakuna aliyetunga kanuni hiyo. Ilianza na kijana mmoja mkimbiaji, kabla ya kwenda chuo kwa ajili ya mbio, na mwaka uliofuata wakawa watano. Wanakuja wiki ya kuhitimu shule, wamevaa majoho, na familia zao zinasimama uani na vyakula vilivyofunikwa. Renfroe hupanga ukaguzi wake wa mwaka uangukie siku hiyo. Huja na mkewe, hupima, huandika "kumi na sita kamili," hula samaki kambare wa kukaanga.

Keziah alikuja mwaka wa tisa. Siku hiyo upepo ulitoka mashariki na miwa ilikuwa ikichomwa, ingawa ulikuwa mwezi wa Mei. Kampuni ilikuwa imeongezewa mwezi mmoja wa kuchoma, kwa kuwa vifua vya watoto viliendelea kuwa vizuri. Majivu yalikuwa yakishuka polepole juu ya kofia, juu ya bakuli za saladi ya viazi, juu ya joho lake la buluu. Alikuwa ameshika nafasi ya pili katika shule nzima. Mtoto aliyekuwa akimpisha alikuwa wa miezi mitano, mjukuu wa dada yake Dieuseul, naye alikuwa mapajani kwa mama yake, akivuta pumzi kwa shida kama mtu anayenyonya kwa mrija ulioziba.

"Huna haja ya kuwa wa kwanza," Ozella alimwambia. "Wako wenzako wanne."

"Nani kakwambia nataka kuwa wa pili tena, bibi?"

Aliweka mkono kichwani pa Shemasi, akakiomba. Kikaja. Kilikuwa kimekua naye, kizito kuliko alivyokiacha, lakini kile kifilimbi cha mwishoni kilikuwa bado kipo, na Ozella alikisikia akiwa ngazini akajua ni chenyewe. Keziah alikohoa akiwa amesimama wima, mkono mmoja kiunoni, bila kushika nguzo. Shemasi alishuka inchi. Mama akamsogeza mtoto, Shemasi akaweka pindi lake juu ya kifua kile kidogo, na inchi ikarudi.

Watu walipiga makofi. Ozella alipangusa majivu kwenye bega la joho kwa leso yake, bega moja kisha la pili, akarudi nyuma hatua mbili amtazame vizuri.

"Simama hapo hapo," alisema. "Nataka wakuone."